Mume wangu kaniachia brashi ya maua, kaka yangu ananiletea msumeno

BARUA

Shikamoo mama mshauri. Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo leo, naomba jina langu lisitoke mana huku kwetu Uyole, Mbeya, watu tunajuana sana.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu, alikuwa anafundisha baiolojia sekondari. Tuna eka moja hapa nyumbani, tulinunua wote wawili enzi zile bei ya kiwanja bado inaongeleka, na muda wote mimi ndo nimekuwa naihangaikia, mahindi, maharage, viazi mviringo, yeye yuko shule. Watoto wanne, watatu wanajitegemea, wa mwisho yuko chuo mwaka wa pili na mkopo hakupata wote kwaiyo sehemu ya ada ni sisi.

Sasa tatizo langu ni miti. Miaka ya nyuma rafiki yake alimletea matunda kutoka Kenya yanaitwa cherimoya. Kama hulijui, ni ndugu yake stafeli na topetope ila lenyewe linapenda baridi, nje kijani na ngozi yake kama mtu kaibonyezabonyeza na vidole, ndani jeupe laini lina mbegu nyeusi. Ni tamu, hapo sibishi, ukila moja unatafuta la pili. Basi mume wangu akala akaziweka mbegu, akaotesha, leo tuna miti 14 imekaa kona ya karibu na bomba, na ile kona ndo udongo mzuri kuliko shamba lote.

Alipokuwa kazini haikunisumbua. Alivyostaafu ndo nimeanza kukoma. Mama, kuanzia mwezi wa kumi maua yakitoka huyu mtu haonekani. Jioni yuko kwenye miti na brashi ndogo ile ya kuchorea na kichupa cha dawa, anakung'uta unga wa maua. Asubuhi kabla hajanywa chai yuko kule tena anapaka ua moja moja, akimaliza ua anafunga uzi mwekundu. Nikiuliza anasema huelewi. Nimezaa nae watoto wanne na nimelima hilo shamba miaka yote, lakini kwenye miti yake mimi sielewi! Sehemu ya kiinua mgongo alinunua mikasi ya kupogolea na neti ya kitalu bila kuniambia, na sasa ana miche 60 kwenye viroba, anasema nayo inaingia shambani pole pole.

Mavuno yapo lakini hebu nikwambie yakoje. Yanakomaa kuanzia mwezi wa tano, mimi ndo nayapeleka barabarani, nauza buku, makubwa buku mbili. Abiria wanadhani stafeli. Akilibonyeza huyu na yule akalibonyeza, kesho lina madoa meusi, hakuna anayeligusa. Mmoja alinunua likiwa gumu akala hapo hapo kwenye basi, siku anarudi kutoka Dar akashuka kunigombeza eti nimemuuzia kiazi. Kuna lodge moja mjini wanachukua kila wiki na wanalipa vizuri ila wanachukua machache.

Huku kila mtu anaongelea parachichi za aina ya Hass. Kaka yangu yuko kwenye uongozi wa kikundi cha hizo parachichi, ameniambia niingize eka yote, miche 80, elfu tano kila mmoja, nusu nilipe sasa hivi kabla mvua hazijaanza na nusu tukipokea. Hela ninayo kutoka vikoba. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema shamba lake la cherimoya halichanganywi na biashara za mkumbo.

Na kuna hili jingine linaniumiza roho. Majirani wameanza maneno. Mtu mzima, jioni, peke yake miti­ni na brashi na kichupa na nyuzi nyekundu, unajua watu wa kwetu wanavyoongea. Mjukuu wangu ametoka shule juzi analia, wenzie wamemwambia babu yako mchawi.

Sasa mwezi ujao mume wangu anaenda Dar wiki mbili, harusi ya mtoto wa kaka yake. Kaka yangu anasema hiyo ndo nafasi, atakuja na msumeno wa mashine, siku moja tu, akirudi akute mashimo yamechimbwa na miche imeingia, atanuna mwezi atazoea. Na mume wangu nae kanifuata juzi ananibembeleza, kitu ambacho hajawahi, eti hizo wiki mbili nimsaidie mimi kupaka maua mana yakipita yamepita hadi mwakani. Ameniachia brashi mezani. Nikiiangalia naona kama ananicheka.

Nifanyeje mama? Ndaga fijo, yani asante sana.

*Mama wa Uyole*

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na ndaga na wewe kwa kuandika kwa kirefu hivi mana barua fupi za "mume wangu hanielewi nisaidie" huwa zinanipa kazi ya kubahatisha.

Nikuelewe vizuri kwanza. Una eka moja, una mtoto chuoni, una kaka anayekusukuma, una mume ambaye tangu astaafu amehamia kwenye miti, na una tarehe. Hiyo tarehe ndo inakukaba. Kama mumeo asingekuwa anasafiri nadhani ungeendelea kununa tu na mimi nisingepata barua.

Nianze na brashi, mana naona ndo inakukera kuliko vyote. Umeandika kama vile ni kichaa cha uzeeni. Mdogo wangu, ile kazi ni ya kweli. Ua la cherimoya lina viungo vya kike na vya kiume humo humo ndani lakini havifanyi kazi kwa wakati mmoja. Likianza kufunguka, zile petali tatu nene zinaachana kidogo tu, hapo ni jike, liko tayari kupokea. Kesho yake mchana kwenda jioni linafunguka wazi kabisa na kumwaga chavua, ule unga wa maua, yani hapo limekuwa dume, na ule upande wa kike umeshakauka. Kwaiyo lenyewe kwa lenyewe haliwezani. Huko Amerika Kusini, milima ya Andes upande wa Peru na Ecuador inakoota tangu zamani, kuna mbawakawa wadogo wanaingia ndani ya maua na kuhamisha chavua. Nyuki hawasaidii kitu, ule mwanya wa ua la kike hauwapitishi. Ukilipeleka mti nchi nyingine unaweza kupata maua mengi na matunda ya kuhesabu, au matunda yaliyopinda upande mmoja mana chavua haikuenea. Ndo mana Hispania, kule pwani ya mkoa wa Granada wanakolima cherimoya kibiashara kuliko karibu popote duniani, wakulima wanapita na chavua ua kwa ua kama mumeo. Anakusanya jioni kwenye maua yaliyofunguka wazi, anapaka asubuhi kwenye yale yaliyofunguka nusu. Na uzi mwekundu nadhani ni wa kujua lipi ameshalipaka. Mwalimu wa baiolojia huyo, ulitegemea nini.

Na nikuchokoze kidogo, Hass unayoitaka ina tabia hiyo hiyo. Ua la parachichi nalo linafunguka kwanza likiwa jike, linajifunga, linafunguka tena siku ya pili likiwa dume. Tofauti ni kwamba parachichi nyuki wanalimudu na kazi yao hatuioni. Ndo mana wataalamu wanashauri uchanganye Hass na miti michache ya aina kama Fuerte, mana Fuerte saa zake za ujike na udume ni kinyume na za Hass. Muulize kaka yako kama kwenye hiyo miche 80 kuna hata mmoja wa aina nyingine. Sio mtego, muulize tu.

Ila kuwa kazi ni ya kweli haimaanishi mumeo hana neno la kujibu. "Huelewi" sio jibu la kumpa mke uliyenunua nae shamba. Kiinua mgongo nacho kilikuwa na sehemu yako, hata kama hukusimama ubaoni. Na hiyo miche 60 inanitia wasiwasi kuliko ile 14. Miti 14 mtu mmoja anaimudu kwa brashi. Ukijumlisha 60 mnakuwa na 74, na kila ua linataka mkono, kila mwaka, na yeye anazidi kuzeeka, sasa mkono wa nani? Nahisi jibu unalijua na ndo mana brashi ikikaa mezani unaona inakucheka. Halafu tunda lenyewe ulivyolieleza ndivyo lilivyo, likishaiva siku chache tu limekwisha, ngozi inaweka weusi, kusafiri hadi Dar bila kupakiwa vizuri ni shida, na ukiliweka kwenye friji likiwa bado gumu linaharibika bila kuiva. Lodge moja haiwezi kula matunda ya miti 74. Hayo ni maswali ya kumuuliza yeye, kwa karatasi, na aandike majibu kama alivyokuwa anawadai wanafunzi.

Sasa tuje kwenye hesabu, mana kwenye barua yako nimetafuta hesabu sijaona, ya kwako wala ya kwake.

Hass watu wengi wanaipanda mita 7 kwa 7, ndo hiyo miche 80 ya kaka yako kwa eka. Miti yenu 14 hukuniambia imeachana vipi, tuseme mita tano tano kama watu wengi wanavyoipanda. Inakula kama mita za mraba 350. Kwenye eneo hilo Hass zinaingia saba. Saba mdogo wangu. Kwaiyo msumeno ukija, unachokipata zaidi ni miti saba ya parachichi, kona nzuri nakubali, karibu na bomba nakubali, na parachichi ikiwa changa kiangazi inataka maji. Lakini ni saba kati ya 80. Hizo nyingine 73 zinaingia kwenye mahindi na viazi vyako, sio kwenye cherimoya. Umewahi kujiuliza kama ugomvi wenu uko kwenye hizo saba au kwenye hizo 73? Mana kama mumeo anakataa Hass hata kule kwingine ili miche yake 60 ipate pa kuingia, huo ndo mjadala wenyewe na hauhusiani na kukata chochote.

La pili, ada. Umeunganisha parachichi na ada ya mtoto na nimeona kwa nini, lakini mche wa kubebesha wa Hass, yani uliounganishwa kijiti cha mti mwingine, unaanza kuzaa kidogo kwenye mwaka wa tatu hivi, mavuno ya kueleweka ni baadae. Mtoto yuko mwaka wa pili. Ukipanda mwezi huu ujao, atakuwa ameshavaa joho. Kwa sasa hivi Hass itakuchukulia laki nne za vikoba na riba yake, haitakuletea. Cherimoya kwa ubaya wake wote inaleta hela ya mwezi wa tano mpaka wa saba, ndogo lakini iko. Sisemi Hass ni mbaya. Watu wa Rungwe na Njombe wamejenga kwa hizo parachichi, soko limefunguka, China wenyewe walisaini makubaliano ya kuzipokea kutoka kwetu mwaka 2022. Ila bei nayo inapanda na kushuka, na mnunuzi akishachambua, yale madogo na yenye mikwaruzo yanabaki kwako.

Kuhusu hizo wiki mbili. Nitakwambia ninachokiona halafu wewe utaamua, mana nyumba ni yako.

Ukikubali msumeno, unapata shamba safi na kaka yako anafurahi. Hatari yake, mti unakatwa kwa dakika na unarudi kwa miaka, na hiyo ni miti ya mbegu, haifanani, kama kuna mmoja wenye matunda matamu kuliko wenzie ukishakatwa hamuupati tena popote. Lakini kubwa zaidi ni kwamba amekukabidhi. Umesema mwenyewe hajawahi kukubembeleza. Mtu aliyekuwa anasema huelewi leo kakuwekea brashi mezani, na wewe unaiona dharau. Inawezekana ni dharau, mimi simjui. Inawezekana pia ndo namna yake ya kuomba radhi, wanaume wengine wa umri huo maneno hayatoki. Akirudi akakuta mashimo, kaka yako anasema atanuna mwezi. Kaka yako halali nae.

Ukikubali brashi, unamridhisha, na unajifunza kitu ambacho kinakupa sauti, mana atakosa pa kusemea huelewi. Hatari yake ni kwamba akirudi atadhani umeridhia yote, miche 60 na kila kitu, na mwakani brashi inakuwa yako moja kwa moja. Kwaiyo ukiishika, ishike baada ya mazungumzo na sio kabla. Mwambie nitapaka, ila kabla hujapanda gari tunakaa tunagawa eka kwenye karatasi, huku yako huku yangu.

Unaweza pia usishike chochote, brashi ikae, msumeno usije. Mtakosa matunda ya wiki hizo mbili basi. Sio mwisho wa dunia, japo atajua umekataa.

Na kuna la katikati ambalo naona hakuna kati yenu aliyelitaja. Hiyo miti 14 sio lazima ibaki 14. Mjaribu matunda ya kila mti msimu ukifika, muweke alama, mizuri mibaki, ile inayozaa vibaya ndo itolewe au ibebeshwe vijiti kutoka kwenye mti bora. Na miche 60 anaweza kuiuza ikiwa kwenye viroba, watu wanapenda kitu kipya uani, mti mmoja mmoja. Pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, mko jirani nao, nendeni wote wawili mkaulize kuhusu nafasi na udongo, mchukue ushauri kwa mtu ambaye hana mche wa kuwauzia. Ubaya wa njia hii ni kwamba inataka subira mpaka mwezi wa tano, na kikundi hakitawasubiri msimu huu. Inaweza kukugharimu mwaka mzima.

Hayo maneno ya majirani usiyachukulie poa. Huku kwetu neno hilo linaanza kwa watoto shuleni na linaishia pabaya, umri wa mumeo ndo ule ule wanaoulenga. Dawa yake sio kukata miti, ukiikata ghafla akiwa safarini ndo watasema si mnaona, hata mkewe aliogopa. Dawa ni mwanga. Afanye mbele za watu, aite hata wale watoto wa jirani awaonyeshe ua la kike na la kiume, mwalimu ni mwalimu, na mwezi wa tano kila nyumba ipelekewe tunda. Tunda lililoiva lakini, likibonyea kidogo, msije mkawapa kiazi kama yule abiria.

Hapo hapo, nimeona una mjukuu. Zile mbegu nyeusi msimwachie achezee wala azitwange. Akiimeza nzima inapita tu, lakini ikisagwa ina sumu, na majimaji yake yakiingia machoni yanaumiza vibaya.

Nimebaki na swali moja na naliuliza kwa heshima mana ni ndugu yako wa damu. Miche 80, elfu tano tano, ni laki nne. Kwenye kitalu inatoka kwa bei gani? Kaka yako kwenye uongozi anapata kitu kwa kila mche unaoingia au hapati? Inawezekana hapati hata mia na anakutakia mema tu. Lakini mtu anayetaka kuleta msumeno kwenye nyumba ya dada yake mwenye nyumba akiwa harusini, ningependa kujua ana haraka ya nini. Ukimuuliza na akakujibu bila kukasirika, niandikie tena tuendelee kutoka hapo.

*Mama Mshauri*